Von Lettow: Hakufungwa, lakini bili walilipa wapagazi

MASHABIKI wa Mtwara wanaosafiri kwenda Ruangwa kuitazama timu yao ikicheza na Namungo wanaijua njia hiyo kama kiganja cha mkono. Basi linapita Mnazi Mmoja, linapita Mtama, linaingia Nyangao, kisha Nanganga, na hapo linakata kulia kuitafuta Ruangwa. Ngoma zinapigwa, ubishi wa kikosi unaendelea, na wachache sana wanakumbuka kwamba pale jirani na Nyangao, sehemu inayoitwa Mahiwa, Oktoba 1917 ilipigwa moja ya vita vikali kuliko vyote vilivyowahi kutokea katika ardhi hii.

Mtu aliyeongoza upande mmoja wa vita hivyo ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Huko kwao alisifiwa kama jenerali ambaye hakushindwa. Kwa lugha ya soka, ni timu iliyomaliza msimu mzima ugenini bila kufungwa, tena ikiwa na wachezaji wachache kuliko wapinzani.

Rekodi ya namna hiyo haiji bure. Shabiki anayejua mpira ataanza kuuliza: ilipatikanaje, na nani aligharamia? Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba, yaani ganda la risasi.

KIJANA WA SAARLOUIS

Von Lettow alizaliwa Machi 20, 1870 mjini Saarlouis, katika familia ya maofisa wa jeshi la Prussia. Hakuwa na njia nyingine ya kupita. Alisomea uanajeshi tangu utotoni, akapelekwa China wakati wa vita vya Waboksa mwaka 1900, kisha akapelekwa Afrika Kusini Magharibi, Namibia ya leo, kuanzia 1904.

Huko Namibia alikuwa kwenye makao ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyewafukuza Waherero hadi jangwani wafe kwa kiu. Von Lettow mwenyewe alijeruhiwa jicho la kushoto katika mapigano na Wanama mwaka 1906. Aliondoka na jeraha, na pia na somo moja: kundi dogo la watu wanaoijua nchi yao linaweza kulisumbua jeshi kubwa kwa muda mrefu sana.

Januari 1914 akashuka Dar es Salaam kuchukua jeshi la koloni. Alikuta kikosi cha Wajerumani takribani 260 na askari Waafrika karibu 2,500, wamegawanywa katika kampuni 14 kutoka pwani hadi maziwa makuu. Tatizo lake la kwanza lilikuwa vifaa. Kampuni nyingi zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871, mkongwe wa baruti nyeusi. Ukipiga mara moja, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako na adui anajua ulipo. Bunduki ya kisasa ya mwaka 1898, yenye baruti isiyotoa moshi, ilikuwa kwa wachache.

Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae pembeni lisiguswe. Von Lettow alikataa. Hesabu yake ilikuwa kwamba kila askari wa Uingereza atakayeletwa Afrika kumtafuta yeye, ni askari aliyepungua Ulaya. Hakuwa anacheza kutafuta ubingwa. Alikuwa anacheza kupoteza muda wa mpinzani.

TANGA NA SOMO LA JASINI

Novemba 1914 Waingereza walishusha watu karibu 8,000 Tanga, wengi wao wakiwa wanajeshi kutoka India. Von Lettow alikuwa na takribani 1,000. Kwa siku chache za mapigano mjini na kwenye mashamba, nyuki wakichangamka na kuuma pande zote, Waingereza walirudi kwenye meli zao na kuacha mali ufukweni.

Wajerumani waliokota bunduki 455, bombomu 16, kama wazee wetu walivyoziita bunduki za rashasha, na risasi zinazokadiriwa kufika 600,000. Ushindi ulikuwa mtamu, lakini kilichomfurahisha zaidi kamanda ni stoo.

Miezi miwili baadaye, Januari 1915, akaipiga ngome ya Waingereza pale Jasini, mpakani kaskazini mwa Tanga. Alishinda tena. Safari hii alipokaa kupiga hesabu, akakuta ametumia risasi 200,000 na amepoteza maofisa ambao hakuwa na namna ya kuwapata wengine. Akaona wazi kwamba kwa mwendo ule ana vita vitatu tu vya aina hiyo mfukoni. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, na Ujerumani ilikuwa mbali. Dirisha la usajili lilikuwa limefungwa.

MELI ILIYOZAMA NA RISASI ZILIZOLOWA

Aprili 1915 likatokea jambo. Meli ya Kijerumani Rubens, iliyojibadilisha jina na sura ikajifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, juu kidogo ya Tanga. Ndani ilibeba bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi. Manowari ya Uingereza, Hyacinth, ikaifuata na kuishambulia. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliiingiza kwenye maji mafupi ikazama huku sehemu ya juu ikiwaka moto. Waingereza waliamini kazi imekwisha, wakaondoka.

Haikuwa imekwisha. Wazamiaji walishuka majini wakaanza kutoa masanduku moja baada ya jingine. Mzigo mkubwa uliokolewa. Kilichobaki ni tatizo la chumvi.

Hapa ndipo ganda la risasi linapoingia kwenye hadithi. Risasi kamili ina vitu vinne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki, kidonge kidogo kilichopachikwa kitakoni, ambacho kikigongwa na pini ya bunduki kinatoa cheche. Na kuna ganda la shaba ya njano linalovishika vyote vitatu pamoja. Maji ya bahari yakipenya kwenye shingo ya ganda au pembeni ya fataki, baruti inaganda na fataki inakufa. Ukivuta kifyatulio unasikia mlio mdogo tu, halafu kimya. Mbele ya adui, kimya hicho kinaua.

Mwanzoni zile risasi zilionekana nzima. Kadiri wiki zilivyopita, zinazogoma zikazidi. Von Lettow akaamua: zifunguliwe zote, moja moja.

KARAKANA YA MOSHI

Kazi ilifanyika Moshi Mpya, mji wa Moshi wa leo, ambako reli kutoka Tanga iliishia. Kwa miezi kadhaa askari, wanawake na yeyote aliyepatikana walikaa kuzitengeneza upya.

Kazi yenyewe haina maajabu, ila haitaki haraka. Kichwa kinachomolewa. Baruti inamwagwa, inasafishwa na kukaushwa. Ganda linasafishwa ndani na nje chumvi yote itoke, maana shaba iliyobaki na chumvi inaendelea kuliwa taratibu hata ikiwa ndani ya sanduku. Kisha linakaguliwa. Mdomo uliopinda unanyooshwa hadi uwe duara, la sivyo kichwa hakitakaa sawa. Ganda lenye ufa linatupwa, maana moto wa baruti unaweza kurudi nyuma usoni kwa mpigaji. Kitundu cha fataki kinasafishwa, na fataki iliyokufa inabadilishwa kwa nzima iliyopatikana humo humo kolonini. Baada ya hapo baruti inarudishwa kwa kipimo, kichwa kinapachikwa, na risasi inayofuata inashikwa.

Anayeharakisha hapo anamuua mwenzake aliye mstari wa mbele.

Ulipofika wakati wa kugawa, kamanda aliweka utaratibu ambao kocha yeyote angeuelewa. Risasi ambazo hazikuwahi kulowa zilihifadhiwa kwa ajili ya bombomu, kwa sababu bombomu likigoma katikati ya kazi ni balaa kwa kampuni nzima. Zilizotengenezwa upya zilijaribiwa kundi kwa kundi. Kundi ambalo zilikuwa zinagoma takribani risasi 20 katika kila 100 lilipelekwa vitani. Lililogoma zaidi ya hapo likaachwa mazoezini.

Fikiria hilo vizuri. Askari alikuwa anaingia vitani akijua kwamba kati ya kila risasi tano alizonazo, moja huenda ikagoma. Na hiyo ndiyo ilikuwa daraja la kwanza.

SUDI, BANDARI ISIYOTARAJIWA

Machi 1916 zamu ya kusini ikafika. Meli ya pili, Marie, ilikwepa manowari zote ikaingia ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani. Safari hii mzigo ulifika mkavu: mizinga, risasi, dawa na nguo. Aprili, baada ya Waingereza kugundua na kuipiga mabomu, Marie ilitoroka usiku na kuvuka bahari hadi Batavia, Jakarta ya leo.

Lakini kutoka Sudi hadi kwenye mapigano kaskazini hakukuwa na reli wala lori. Kila sanduku lilipanda kichwani kwa mtu. Watu wa pwani na wa bara ya kusini walichukuliwa kuwa wapagazi, wakafunga safari ya miguu ya mamia ya kilomita katika msimu wa mvua. Magazeti ya Ulaya yaliandika juu ya manahodha wa Rubens na Marie. Majina ya waliobeba mzigo hakuna aliyeyaandika.

Mwaka huo huo vita vikashuka hadi mlango wa Ruvuma. Wareno, walioingia upande wa Uingereza, waliichukua Kionga kusini mwa mdomo wa mto mwezi Aprili. Septemba wakavuka mto kwa nguvu, na Oktoba wakaikalia Newala. Mwishoni mwa Novemba Wajerumani, wakiongozwa na Max Looff aliyewahi kuwa nahodha wa manowari Königsberg, waliwazingira hapo na kuwarudisha ng'ambo. Wakati huo huo Waingereza nao walikuwa wameshashuka Mikindani na Lindi tangu Septemba. Kwa mwanakijiji wa Makonde, mwaka mmoja ulitosha kupitiwa na majeshi ya mataifa matatu, na kila moja lilitaka chakula na wabebaji.

MAHIWA: USHINDI ULIOMALIZA STOO

Oktoba 15 hadi 18, 1917, majeshi hayo yakagongana Mahiwa. Waingereza walikuwa karibu 4,900, na humo walikuwamo askari wengi kutoka Nigeria. Von Lettow alikuwa na takribani 1,500. Walipigana kwa karibu sana, mahali pengine mahandaki yakitazamana. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500.

Ukitazama ubao wa matokeo, ni ushindi mkubwa. Ukienda stoo, ni msiba. Risasi zisizotoa moshi zilikuwa zimekwisha karibu zote. Kilichobaki zaidi ni zile za mkongwe wa 1871, zenye moshi unaomuita adui. Na maganda hayabadilishani: bunduki ya 1871 ina mdomo wa milimita 11, ile ya 1898 ina milimita 7.9, ya Mwingereza 7.7, ya Mreno 6.5. Huwezi kulazimisha risasi ya moja iingie kwenye nyingine. Karakana ya Moshi nayo ilikuwa imeshachukuliwa na Waingereza tangu Machi 1916, na huko porini hakukuwa na mahali pa kukaa miezi ukifungua risasi moja moja.

Von Lettow alirudi nyuma kupitia Ndanda, ambako misheni ilikuwa hospitali ya majeruhi wake, akaenda Chiwata, kisha Nambindinga kwenye uwanda wa Makonde. Novemba 17 akafanya mchujo wa mwisho. Wagonjwa, majeruhi na wasioweza mwendo waliachwa nyuma waangukie mikononi mwa Waingereza. Aliendelea na Wajerumani wapatao 300, askari karibu 1,700 na wapagazi 3,000 hivi. Hakuwaacha kwa sababu aliwachukia. Aliwaacha kwa sababu hakuwa na risasi, chakula wala dawa za kuwatosha.

NGOMANO: KUNUNUA KWA DAMU

Novemba 25, 1917 walivuka Ruvuma pale Ngomano, mto Lugenda unapoingia. Ng'ambo kulikuwa na kambi ya Wareno chini ya Meja João Teixeira Pinto. Kambi ilianguka siku hiyo hiyo na Teixeira Pinto akauawa. Ndani yake mlikuwa na mamia ya bunduki, bombomu sita na risasi zipatazo 250,000, kavu na safi. Wengi wa askari waliweka chini bunduki zao za zamani wakachukua za Wareno.

Siku tatu baadaye, Novemba 28, kikosi kingine cha Wajerumani chini ya Theodor Tafel, kilichokuwa kikishuka kumfuata, kilijisalimisha upande wa pili wa mto. Kilikosa chakula na kilikosa habari. Hakikujua kamanda alikuwa amevuka hapo hapo karibu.

Kuanzia hapo mtindo ulikuwa mmoja. Hakuna tena kutengeneza. Bunduki ikiishiwa risasi, unatafuta kambi ya adui yenye bunduki nyingine na risasi zake. Aliizunguka Msumbiji kwa miezi kumi, akafika hadi Namacurra karibu na Quelimane Julai 1918, akapata bunduki na chakula tele. Septemba akavuka tena Ruvuma kurudi Tanganyika, akapita upande wa Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Habari ya kusimamishwa kwa vita Ulaya ilimfikia Novemba 13, siku mbili baada ya vita kwisha. Novemba 25, 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano, alikabidhi silaha Abercorn, yaani Mbala. Orodha ya vitu alivyotoa inaeleza kila kitu: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo 30 zilikuwa za Waingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Hapakuwa na bunduki ya Kijerumani kwenye hesabu hiyo. Risasi zilikuwa 208,000. Jeshi ambalo halikufungwa lilimaliza ligi likiwa limevaa jezi za wapinzani.

BAADA YA FILIMBI

Machi 1919 alipokewa Berlin kama shujaa. Mwaka 1920 aliponzwa na kuhusika kwake katika jaribio la Kapp la kuipindua serikali, akaondolewa jeshini. Akawa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930. Mwaka 1953 alirudi kutembea Dar es Salaam, na maaskari wake wa zamani walijitokeza kumpokea. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964, akiwa amebakiza siku 11 atimize miaka 94. Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa maaskari wazee waliokuwa bado hai.

Hao ni maaskari. Ukiingia upande wa wabebaji, hesabu inabadilika rangi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa von Lettow hakuna aliyehesabu vizuri. Jeshi lake lilikula kutoka kwenye maghala ya vijiji lilivyopita, na waliolifuata nyuma wakala kilichobaki. Njaa iliyofuata ilichukua raia wengi ambao hawakuwahi kushika bunduki.

Ndiyo maana sifa ya kutoshindwa inahitaji kuangaliwa mara mbili. Alikuwa mjanja, hilo halina ubishi. Alizijua risasi zake kwa idadi, nzima na mbovu, za vita na za mazoezi. Kila ganda lilikaguliwa kabla ya kurudishwa kazini. Watu waliozibeba hawakupata hesabu ya makini namna hiyo, si kwake wala kwa Waingereza waliomfukuza.

Waingereza walipoichukua Dar es Salaam Septemba 1916, waliweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, nje kidogo ya mji wa wakati huo. Vita vikaisha, kambi ikaondoka, jina likabaki kwenye midomo ya watu na kulainika hadi likawa Kariakoo. Hapo ndipo zilipo klabu za Simba na Yanga, na ndiyo asili ya jina la dabi inayosimamisha nchi nzima.

Jenerali alipewa gwaride Berlin. Wapagazi wao walibaki na jina la mtaa, na kila ikifika siku ya dabi, mamilioni ya watu wanalitaja bila kujua wanamtaja nani.